Saa janja kwa wasioona: mambo ya kupima kabla ya kulipa

Kwa muda mrefu, mtu asiyeona katika Afrika Mashariki aliyetaka kujua saa alikuwa na njia chache: kumuuliza aliye karibu naye, kusubiri redio itangaze, au kuvaa saa inayoongea, ambayo hutaja wakati kwa sauti inayosikika na kila mtu ndani ya basi, darasani au msibani. Leo maduka ya simu ya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali yanauza saa janja za kila bei, na baadhi yake zina uwezo wa kumsomea mvaaji ujumbe, kumjulisha nani anampigia simu na kumwambia wakati kwa mtetemo ambao hakuna mwingine anayeuhisi.

Hata hivyo, kwa mtu asiyeona, ununuzi wa saa ya aina hiyo ni uamuzi mzito. Bei yake inaweza kumeza mshahara wa miezi kadhaa, na si kila saa inayoitwa janja inaweza kutumiwa na mtu asiyeiona skrini yake. Anayekosea humiliki kioo kisichosema neno.

Kenya na saa ya nukta nundu

Mjadala huu una historia yake katika nchi jirani ya Kenya. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, fedha za Wakenya wengi hupita katika simu ya mkononi. Kwa anayeona, jambo hilo lilikuwa wepesi. Kwa asiyeona, lilikuja na mtihani: ujumbe wa kuthibitisha malipo huandikwa, salio huandikwa, na namba ya siri hubonyezwa mbele za watu. Asiyekuwa na simu inayosoma kwa sauti alilazimika kumpa mtu mwingine simu yake amsomee, na mara nyingine kumtajia namba ya siri pia. Hivyo faragha ya fedha zake ilitegemea uaminifu wa ndugu, jirani au wakala.

Mwaka 2019, kampuni ya Safaricom ilitangaza saa ya nukta nundu iitwayo DOT, iliyokusudiwa kumwezesha mteja asiyeona kupata taarifa za M-Pesa kwa ncha za vidole vyake. Saa hiyo ilibuniwa na kampuni ya Dot ya Korea Kusini. Uso wake hauna mishale wala kioo chenye picha. Una seli nne za nukta nundu, kila seli ikiwa na vipini sita vinavyopanda na kushuka. Saa inapotaka kusema kitu, vipini huinuka na kuunda herufi au tarakimu, na mvaaji huzipapasa.

Umuhimu wa tangazo hilo haukuwa katika idadi ya saa zitakazouzwa. Lilionyesha wazi kwamba asiyeona anahitaji zaidi ya kujua wakati: anahitaji kusoma mambo yake mwenyewe bila shahidi. Kwa wasikilizaji wa Rwanda wanaotumia MoMo, hoja ni ile ile.

Aina tatu za saa, na kila moja na hesabu yake

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi anapaswa kujua kwamba sokoni kuna aina tatu za saa zinazoweza kumfaa, na hazifanani.

Aina ya kwanza ni saa za kupapasa na saa zinazoongea ambazo haziunganishwi na simu. Mfano unaojulikana sana ni saa ya Bradley ya kampuni ya Eone, iliyojitokeza mwaka 2013. Ilipewa jina la Bradley Snyder, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona kwa bomu nchini Afghanistan mwaka 2011, na mwaka uliofuata akashinda dhahabu ya kuogelea katika Michezo ya Paralimpiki ya London. Saa hiyo hutumia gololi mbili zinazovutwa na sumaku: moja huzunguka usoni mwa saa kuonyesha dakika, nyingine huzunguka ubavuni kuonyesha saa. Haihitaji simu, haihitaji lugha, na haichajiwi kila usiku. Lakini haisomi ujumbe.

Aina ya pili ni saa za nukta nundu kama ile ya DOT. Hizi hupokea taarifa kutoka simu na kuzionyesha kwa vipini. Ni za kimya kabisa, na ndiyo sifa yake kubwa. Upungufu wake ni ufinyu wa nafasi. Seli nne zinatosha kabisa kuonyesha saa na dakika. Lakini ujumbe mfupi wa kawaida una hadi herufi 160. Ukigawanywa kwa seli nne, msomaji atalazimika kusubiri vipini vibadilike mara 40 ili aumalize. Kwa kiasi cha fedha kilichoingia au jina la anayepiga simu, hilo linavumilika. Kwa barua ndefu, linachosha.

Aina ya tatu ni saa janja za kawaida zilizojengewa programu ya kisomaji skrini, yaani programu inayotaja kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Saa ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, ilikuja na kisomaji chake kiitwacho VoiceOver, ambacho kilikuwa kimeshaingia katika simu za iPhone tangu mwaka 2009. Saa zinazotumia mfumo wa Google wa Wear OS zina kisomaji kiitwacho TalkBack, na saa za Samsung zilihamia katika mfumo huo kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021.

Nje ya aina hizo tatu kuna kundi kubwa zaidi, na ndilo lenye mtego: saa za bei nafuu zinazojaa madirishani, zenye kioo cha rangi, kipimo cha mapigo ya moyo na picha nyingi. Nyingi kati yake hazina kisomaji skrini cha aina yoyote. Muuzaji anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba saa yake “inaongea”, akimaanisha kwamba ina spika ya kupokelea simu. Spika peke yake haimsaidii asiyeona kufungua menyu wala kusoma ujumbe.

Faida iliyo mkononi

Anayeona huweza kudhani kwamba saa janja ni pambo, kwa kuwa kila inachofanya simu hukifanya pia. Kwa asiyeona, hesabu ni tofauti, na sababu ni mikono.

Mtu anayetembea na fimbo nyeupe tayari ameutoa mkono mmoja. Mkono wa pili hushika mkoba, mtoto, au kiwiko cha anayemwongoza. Simu ikiita kituoni, ni lazima kitu kimoja kiwekwe chini. Tena kuitoa simu katikati ya umati ni kumwonyesha mwizi mahali ilipo, na asiyeona hana nafasi ya kumtambua anayemnyang’anya. Saa iliyo kifundoni humwambia nani anapiga simu bila simu kutoka mfukoni.

Faida ya pili ni kimya. Katika saa ya Apple, mvaaji anaweza kuchagua kuambiwa wakati kwa mtetemo. Kwa utaratibu mmojawapo, mtetemo mrefu huhesabu saa kumi na mtetemo mfupi huhesabu saa moja moja. Kisha dakika hufuata kwa mpango huo huo wa makumi na mamoja. Saa inayosomeka 10:23 kwenye kioo itatetema kwa urefu mara moja, kisha kwa urefu mara mbili na kwa ufupi mara tatu. Upo pia utaratibu wa mkato unaohesabu saa kwa matano na dakika kwa robo, na mwingine unaotumia alama za Mosi. Mwalimu asiyeona anaweza kujua dakika zilizobaki za kipindi bila darasa kung’amua, na mwombolezaji anaweza kujua wakati bila kuikatiza dua.

Mvaaji mwenye Kiswahili atakumbuka jambo moja: saa hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mitetemo iliyohesabiwa kuwa saba asubuhi ni saa moja kwetu. Ni tofauti ya saa sita ambayo kichwa huizoea upesi, lakini anayemfundisha mzazi wake kutumia saa hii asiisahau.

Faida ya tatu ni mazoezi na usalama. Mkimbiaji asiyeona hukimbia akiwa ameunganishwa kwa kamba na mwongozaji wake, kama alivyofanya Mkenya Henry Wanyoike alipotwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mkono wenye kamba hauna nafasi ya kushika simu. Saa inaweza kumtajia umbali na mapigo ya moyo huku akikimbia. Aidha, tangu mwaka 2018 baadhi ya saa za Apple hutambua mvaaji anapoanguka vibaya na, asipojigusa kwa takriban dakika moja, hupiga simu ya dharura na kuwajulisha watu aliowachagua. Lakini saa inayotegemea simu haina la kufanya pasipo mtandao, na simu ya dharura ina faida pale tu inapopokewa na mtu anayeweza kutuma msaada.

Lugha: kikwazo kisichotajwa dukani

Swali ambalo wauzaji wengi hawaulizwi ni hili: saa itasoma kwa lugha gani? Katika simu za Android, mtambo wa sauti wa Google una sauti ya Kiswahili, na programu ya bure ya eSpeak NG pia hukisoma Kiswahili, ingawa kwa sauti kavu ya kimashine. Lakini kuwapo kwa sauti hiyo katika simu si hakikisho kwamba saa nayo inayo. Msaidizi wa sauti wa Apple, Siri, hazungumzi Kiswahili. Kwa hiyo anayetaka kuiamuru saa kwa kinywa chake atalazimika kutumia Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine inayokubaliwa.

Tatizo hili si la kifahari. Sauti ya Kiingereza ikisoma ujumbe wa Kiswahili, hutamka maneno kwa kanuni zake, na “umepokea” hugeuka kuwa neno lisilotambulika. Mtu anaweza kufikiri kwamba njia ya kuponea ni kuchagua sauti ya Kihispania au Kiitaliano, kwa sababu irabu za lugha hizo ziko karibu na zetu. Hapo hutokea hatari nyingine. Lugha hizo mbili haziitamki herufi h iliyo mwanzoni mwa neno. Ujumbe unaosema “hana deni” utasikika “ana deni”. Katika Kiswahili, herufi hiyo moja ndiyo inayobeba ukanushi, na katika habari za fedha au za hospitali, kukosekana kwake hugeuza maana juu chini.

Kwa hiyo, majaribio ya kweli ya saa hayafanywi kwa ujumbe wa Kiingereza uliotayarishwa na muuzaji. Mnunuzi atume ujumbe wa Kiswahili kutoka simu ya rafiki, wenye kiasi cha fedha na neno la kukanusha, kisha asikilize kama saa inausoma kwa namna anayoielewa. Anayetumia Kinyarwanda au lugha nyingine ya nyumbani afanye vivyo hivyo kwa lugha yake.

Gharama iliyojificha nyuma ya bei

Bei iliyobandikwa kwenye boksi huwa ni mwanzo tu. Mfano ni saa ya Apple ya aina ya SE, ambayo ndiyo ya bei ya chini katika familia yake. Toleo la mwaka 2022 lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 249, kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji wa kwetu. Lakini saa hiyo huwekwa tayari kwa kutumia iPhone. Mwenye simu ya Android anayevutiwa nayo atalazimika kununua simu nyingine, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko saa yenyewe. Kwa upande wa pili, Galaxy Watch4 na zilizofuata hazifanyi kazi na iPhone. Simu iliyopo mfukoni ndiyo inayoamua saa, wala si kinyume chake.

Gharama ya pili ni umeme. Kwa miaka mingi saa ya kawaida ya Apple ilitengenezwa kukaa na chaji kwa takriban saa 18, maana yake ni lazima ichajiwe kila siku. Penye umeme wa kukatika, saa iliyozimika ni bangili ya bei mbaya. Anayeishi mbali na umeme wa uhakika anaweza kupata manufaa zaidi kutoka saa ya kupapasa kuliko saa yenye uwezo mwingi.

Gharama ya tatu ni matengenezo na mtumba. Saa iliyotumika huuzwa kwa bei nafuu, lakini saa ya Apple ambayo mmiliki wa kwanza hakuiondoa katika akaunti yake hubaki imefungwa, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuifungua kihalali. Anayenunua mtumba aidai ifunguliwe na kuunganishwa na simu yake papo hapo, mbele ya muuzaji, kabla ya fedha kubadilisha mikono.

Nani asomewe kwa vidole, nani kwa masikio

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona ya karibu au ya mbali, na kwamba walio wengi wana umri unaozidi miaka 50. Takwimu hiyo ina maana ya moja kwa moja katika uchaguzi wa saa. Aliyesoma shule ya wasioona tangu utotoni huijua nukta nundu kama anayeona anavyojua abjadi. Aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, kwa glakoma au kwa kisukari, mara nyingi hakuwahi kujifunza. Saa ya vipini kwake ni ukuta wenye vinundu.

Kisukari kina jambo jingine. Ugonjwa huo unaoweza kuharibu macho unaweza pia kudhoofisha neva na kupunguza hisia za vidole. Mtu wa namna hiyo anaweza kushindwa kuzipambanua nukta, na hata mitetemo midogo kifundoni ikampotea. Kwake sauti ni bora, pengine pamoja na kisikizi kimoja sikioni, huku sikio la pili likibaki wazi kusikiliza magari.

Kinyume chake, mtu asiyeona na pia asiyesikia hana nafasi katika saa inayoongea. Kwa huyo, nukta nundu au mtetemo ndiyo njia ya pekee, na saa ambayo wengine huihesabu kuwa anasa inaweza kuwa mlango wake wa mawasiliano na dunia.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama zikuze upatikanaji wa teknolojia saidizi na kuzipa kipaumbele zile za bei inayomudika. Rwanda, Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimejifunga na mkataba huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliweka msamaha wa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vilivyotengenezwa au kurekebishwa kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2025 kuchukua nafasi yake.

Ugumu uko katika maneno yenyewe: “vilivyotengenezwa kwa ajili ya”. Saa ya nukta nundu inaingia katika maelezo hayo bila ubishi. Saa janja ya kawaida, ambayo kisomaji skrini chake kimejengewa ndani, imetengenezwa kwa ajili ya kila mtu, na ni vigumu kumshawishi ofisa wa forodha kwamba kwa mvaaji huyu mmoja ni kifaa saidizi. Hivyo, kadiri teknolojia inavyoboreka na kuwachanganya wote katika bidhaa moja, ndivyo msamaha wa kodi unavyozidi kumkwepa asiyeona. Ni suala linalostahili kuulizwa na vyama vya wasioona na kujibiwa na watunga sheria wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Kwa mnunuzi wa leo, mambo yafuatayo yanaweza kumwokoa na hasara:

Kwanza, ajue anataka saa imfanyie kazi gani. Kama ni kujua wakati tu, saa ya kupapasa au inayoongea inatosha, na fedha zilizobaki ziende kwenye simu nzuri, ambayo ina faida pana zaidi.

Pili, amtake muuzaji awashe kisomaji skrini palepale dukani. Katika saa ya Apple, kubonyeza kifundo cha pembeni mara tatu wakati wa kuiandaa huwasha VoiceOver. Muuzaji asiyeweza kukiwasha katika saa anayoiuza hajathibitisha kwamba kipo.

Tatu, mnunuzi aivae na kuitumia kwa mkono wake. Apapase kioo kwa kidole kimoja, asogee kulia kutoka kitu hadi kitu, aguse mara mbili kufungua. Spika iliyosikika vizuri ndani ya duka tulivu aijaribu pia mlangoni, penye kelele za pikipiki.

Nne, aulize kuhusu simu aliyonayo, siku za chaji, dhamana na haki ya kurudisha, na apewe majibu kwa maandishi kwenye risiti.

Tano, kabla ya yote hayo, amtafute asiyeona mwenzake anayeitumia saa ya aina hiyo. Vyama kama Umoja wa Wasioona wa Rwanda, ulioanzishwa mwaka 1994, na vile vya Kenya, Uganda na Tanzania ni mahali pazuri pa kumpata. Nusu saa ya kuishika saa ya mwingine ina thamani kuliko maelezo ya tangazo lolote.

Baada ya kuyapima hayo, wapo watakaonunua na wapo watakaoahirisha, na wote wanaweza kuwa wameamua vizuri. Mfanyabiashara wa sokoni anayepokea malipo ya simu mara hamsini kwa siku huenda akairudisha bei ya saa kwa kuepuka udanganyifu mmoja tu. Mzee anayekaa nyumbani na redio yake huenda asiihitaji kabisa. Wote wawili wana haki ya kusoma salio lao wenyewe, na kwa walio wengi haki hiyo huanzia kwenye simu waliyonayo tayari: mipangilio yake ina kisomaji skrini ambacho hakiongezi hata faranga moja kwenye bei.